Pora aliyelelewa jikoni: kisa cha Baki wa Kitunda

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, saa mbili asubuhi, jirani yangu wa nyumba ya tatu alinigongea geti akiwa amembeba binti yake wa miaka 4. Chini ya jicho la kushoto la mtoto kulikuwa na mkwaruzo wa kama sentimita 2, na damu ilikuwa imeshaanza kuganda.

"Mama, ni Baki tena," alisema. "Leo nusura amtoboe jicho."

Habari za kuku tuliziweka kando kwanza. Tulimwosha mtoto kwa sabuni na maji yanayotiririka, tukaenda zahanati, kwa sababu kucha za kuku zinashinda kwenye udongo na kinyesi, na pepopunda huingia hata kwa kidonda kidogo. Jicho lilikuwa zima. Tuliporudi ndipo nikamwomba nifike kwake nimtazame huyo jogoo.

Nimefuga kuku hapa Kitunda, Dar es Salaam, miaka 14, na karibu kila mwaka, vifaranga vya masika vikishakua, swali hili hunifikia: jogoo wetu alikuwa mpole, watoto walikuwa wakimbeba, sasa anatupiga, amepatwa na nini? Jibu la mtaani ni moja, mchinje. Wakati mwingine ndilo jibu lenyewe. Ila ukimchinja bila kujua kilichotokea, mwakani utamlea mwingine wa aina ile ile kwa mikono yako mwenyewe. Ndiyo maana nakieleza kisa hiki chote, na pia kwa sababu mayai aliyotoka Baki yalitoka kwangu.

Mwezi wa pili nilimpa jirani mayai 12 ya kumlalishia koo wake, yaani kuku mama. Baba wa mayai yale ni jogoo wangu mkubwa, chotara wa kuchi, mrefu, mwenye shingo nene. Kwangu nako koo mmoja aliatamia mayai ya jogoo huyo huyo siku zile zile. Kwa hiyo ndugu zake Baki kwa baba, mapora (majogoo wachanga) wawili, wamekulia uani kwangu, umri mmoja naye. Naomba msomaji alishike hilo, maana uchambuzi wote unasimama hapo.

Vifaranga vya jirani viliangulika vizuri. Walipofika wiki ya nne kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, kikapita mtaani. Walikuwa hawajachanjwa. Kwa siku tano walikufa wote, mama yao naye, akabaki mmoja. Watoto wakampa jina la Baki. Jirani akamweka kwenye boksi jikoni, karibu na jiko la mkaa apate joto, na kijana wake wa miaka 10 akawa ndiye mama. Alimlisha vichwa vya dagaa kiganjani. Akifanya kazi za shule, kifaranga kinasinzia mapajani mwake. Ukikiona unaweza kulia kwa huruma, na mimi mwenyewe nilimsifu yule kijana.

Mwezi wa saba jirani alinunua matetea watatu, Baki akatolewa jikoni akaenda bandani nao. Wakati huo upanga wake, ile nyama ya utosini, ulikuwa umeshakuwa mwekundu na manyoya ya shingoni yamechongoka, dalili mbili ambazo hazidanganyi. Mara ya kwanza kuwika, sauti ilitoka kama bawaba yenye kutu, ikakatika katikati. Nyumba nzima ilimpigia makofi. Wiki chache baadaye alianza kumdonoa bibi, mama mkwe wa jirani, kwenye visigino. Baba mwenye nyumba akampiga teke. Kesho yake Baki alimngojea baba mlangoni.

Baba alikuwa na maelezo yake: "Ni damu ya kuchi hiyo. Umetupa mbegu ya ugomvi." Sikukataa kwamba damu ina sehemu yake, kuchi ni kuku wa kupigana, kila mfugaji anajua. Na balehe nayo ina nguvu yake. Mwaka 1849 daktari mmoja wa Göttingen, Ujerumani, Arnold Berthold, aliwatoa mapora korodani. Wale walioachwa bila kitu upanga ulinywea, hawakuwika sawasawa wala kupigana. Wale aliowarudishia korodani tumboni, hata zikiwa zimeshikizwa mahali pengine, walikua majogoo kamili. Kwa hiyo kitu kinachopita kwenye damu ndicho kinachoamsha upanga, sauti na ugomvi kwa pamoja, na kinaamka kwa kila dume mzima. (Wapo wanaoniuliza kuhusu kuhasi. Korodani za jogoo ziko ndani, zimelala karibu na uti wa mgongo. Huo ni upasuaji, si kama kuhasi beberu, na nyumbani usijaribu.)

Lakini ndugu zake Baki wana damu hiyo hiyo na balehe hiyo hiyo, na hawajamrukia mtu. Kwa hiyo ilibidi tutafute pengine.

Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko la nje kwa saa nzima, Jumapili asubuhi, nikiwaomba wenyeji waendelee na shughuli zao. Mtoto mdogo alikuwa ndani. Baki hakuja mbio. Alikuja kwa ubavu, kama mtu anayepita zake, akidonoa ardhi mahali ambapo hapakuwa na punje hata moja. Hilo la kudonoa bure ndilo la kuangalia, kwani watu hudhani anakula, kumbe anapima. Alipofika kama hatua mbili kutoka kwa bibi, alishusha bawa moja hadi likakwaruza mchanga, akacheza nusu duara, manyoya ya shingo yakasimama kama mwavuli. Kisha akaruka, miguu mbele.

Bibi alikuwa akifagia kwa ufagio wa chelewa, ameinama, uso uko usawa wa goti, na kanga aliyojifunga kiunoni inapepea kila anapovuta mkono. Nilijaribu kuyaona hayo kwa macho ya Baki. Mwenzake ameinamisha kichwa, bawa linapiga, makucha yanakwaruza chini kwa nguvu. Kwa lugha ya kuku, bibi alikuwa anamwita uwanjani kila asubuhi bila kujua. Na aliporukiwa alifanya kile ambacho kila mtu angefanya: alitupa ufagio akakimbilia ndani. Baki alisimama juu ya ufagio, akawika.

Nikamwita kijana wa miaka 10. Niliuliza taratibu, maana alikuwa ameshaanza kulengwa na machozi kabla sijasema kitu. "Mlikuwa mnacheza naye mchezo gani?" Alikunja ngumi, akaisogeza mbele na kuirudisha nyuma. Tangu Baki ana miezi miwili walikuwa wakicheza hivyo: mkono unamchokoza, yeye anauparamia, mkono unarudi, kila mtu anacheka. Akishinda anapewa dagaa.

Hapo ndipo kisa kilinifungukia. Kifaranga kisicho na mama wala kuku wakubwa kilijifunza kwamba kuku wenzake ni watu. Kilifundishwa kupigana nao, kikalipwa kwa kushinda. Balehe ilipofika haikuleta tabia mpya, iliongeza uzito kwenye mchezo wa zamani.

Uani kwangu mambo yalikwenda tofauti, na si kwa ufundi wangu. Pora mmoja, ndugu yake Baki, alipofikisha miezi mitano alimshushia bawa koo wangu mzee. Yule mama alimdonoa utosini mara mbili, akamfukuza hadi nyuma ya simtanki, na pora hakutoka huko hadi mchana. Jogoo mkubwa hakuinua hata kichwa. Kuku wanajuana nani yuko juu ya nani. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyekuwa akiwatazama kuku tangu utotoni, aliueleza utaratibu huo wa kudonoana mwaka 1922. Pora anayekulia ndani ya utaratibu huo hupata majibu yake kila siku, kwa vipimo vidogo, kutoka kwa wanaojua kuyatoa. Watu kwake ni viumbe wakubwa wanaoleta pumba na kuondoka. Baki hakuwa na mzee hata mmoja wa kumfundisha adabu. Alikuwa na sisi.

Matetea nao walikuwa wanaumia. Ushauri wa kawaida wa wataalamu wa mifugo ni jogoo mmoja kwa matetea 10 hivi. Baki alikuwa na watatu, ndani ya kibanda ambacho hata mimi nisingeweza kujinyoosha. Migongo yao ilikuwa imebaki ngozi tupu, na mmoja ana kidonda chini ya bawa. Nilipomwinua yule mwenye kidonda ili mama yake mtoto aone, alishtuka. Alikuwa akiona manyoya yameisha, akadhani ni utitiri.

Tulikubaliana kujaribu kwa wiki nne, na nilisema mapema kwamba jaribio lina mwisho: akimgusa mtoto tena, mjadala umefungwa. Mtu mzima anaweza kuvaa gambuti. Mtoto wa miaka 4 uso wake uko pale pale jogoo anaporuka.

Siku ya kwanza ilikwenda kwenye uzio. Baba, ambaye bado hakuwa ameridhika, alitafuta mabanzi na wavu, akazungusha mita 2 kwa 3 chini ya mwembe, mlango una komeo la juu ambalo mtoto halifikii. Baki alikaa humo peke yake, akawa anafunguliwa akae na matetea kwa muda wa saa mbili tu kila alasiri, mtoto akiwa ndani. Matetea walipumua. Wiki ya pili vishina vya manyoya mapya vilikuwa vinachomoza mgongoni.

Chakula hakikutoka tena mkononi mwa mtu. Kilimwagwa mbali, kikatawanywa, ili jogoo afanye kazi yake ya asili: anaokota punje, anaiangusha, anaita ko-ko-ko matetea waje. Siku ya tano nilimwona akifanya hivyo kwa mara ya kwanza. Aliokota kipande cha dagaa, dagaa yule yule aliyelelewa nao, akakiweka chini, akaita, na tetea mwekundu akaja akala. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

Kazi ngumu ilikuwa kuwafundisha watu. Nilimpa bibi beseni la plastiki, la kuweka kati yake na jogoo, si la kumpigia. Akija kwa ubavu, bibi asimame wima, asimkodolee macho, asirudi nyuma, beseni liwe mbele ya magoti. Akiruka, aruke kwenye beseni. Bibi asubiri hadi Baki ageuke mwenyewe na kudonoa kitu cha kweli, ndipo aendelee na safari yake, polepole. Ukikimbia, ameshinda. Ukimpiga, umekubali pambano, na jogoo aliyepigwa leo hurudi kesho kumalizia. Teke la baba lilikuwa limemfundisha hivyo tayari. Kanga ilifungwa vizuri isipepee. Kufagia kukahamishiwa wakati Baki yuko ndani ya wavu.

Bibi alinishangaza. Alisimama na beseni lake kama mlinzi wa geti. Mara ya kwanza Baki aliruka mara sita. Siku ya tatu mara mbili. Mwisho wa wiki alisogea kwa ubavu, akashusha bawa, akangoja, akaona hakuna kinachotokea, akaenda zake.

Wapo waliotushauri tumbebe kwapani tuzunguke naye uani ili "ajue bosi ni nani". Kwa jogoo aliyekulia kwa kuku huenda kuna faida. Kwa Baki kubebwa ndiko alikozoea, tungekuwa tunamrudisha jikoni. Jirani mwingine alitaka tumfunge kamba mguuni. Nilikataa. Kamba inakata ngozi, na jogoo aliyefungwa hawezi kumkimbia mbwa wala kufuata kivuli, na jua la Dar es Salaam mwezi wa kumi si la kuchezea.

Kulikuwa pia na kesi ya kelele. Mpangaji wa chumba cha nyuma ni kondakta wa daladala, analala saa sita usiku na kuamka saa kumi, na Baki alikuwa akianza saa tisa. Malalamiko yalikuwa yameshafika kwa mjumbe. Watu wanaamini jogoo huwika kwa kuona mwanga, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba hata ukimweka kwenye mwanga hafifu usiobadilika, anaendelea kuwika kwa mzunguko wa karibu saa 24. Saa iko mwilini mwake, huwezi kuizima. Mwanga na sauti humchokoza juu ya hapo. Na kweli, taa ya ulinzi ya ukuta wa pili ilikuwa inamulika banda moja kwa moja. Tulimhamishia usiku kwenye sanduku la mbao stoo, pana lakini fupi asiweze kunyoosha shingo yote, lenye matundu pande mbili, na tulikuwa tunamkagua: jogoo anayetweta mdomo wazi atolewe hapo hapo, joto humuua. Hakuacha kuwika. Sauti ilitoka kama mtu anayeongea ndani ya mtungi, na ilianza kwenye saa kumi na nusu badala ya saa tisa. Kondakta alisema hiyo anaiweza, maana saa hizo yuko njiani.

Siku ya 19 baba mwenyewe alinipigia simu kuniambia kwamba amepita karibu na Baki na ndoo mbili za maji na hakuguswa. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepatana na ndugu. Nilianza kufikiri kwamba tutamvusha.

Siku ya 22 mtu aliacha komeo wazi. Uani tulikuwa watu wazima watatu, bibi, jirani na mimi, tunachagua mchele. Mtoto alichomoka ndani kufuata kandambili yake. Baki alitoka kwenye wavu, akapita mbele ya bibi, akapita mbele yangu, hakumtazama yeyote, akaenda moja kwa moja kwa yule mtoto aliyeinama. Beseni la bibi lilifika kabla yake kwa kitambo cha kupepesa jicho. Hakuna aliyeumia.

Nilifikiri sana juu ya mwendo ule. Watu wazima tulikuwa tumeshatoka kwenye orodha yake ya wapinzani. Tulikuwa tumesimama wima wiki tatu. Mtoto hakuwahi kusimama wima mbele yake, na hatukuwa na haki ya kumtaka afanye hivyo. Kwa Baki, yeye ndiye aliyebaki chini.

Jioni tulikaa. Baba alipendekeza apelekwe sokoni, jogoo mkubwa namna ile angepata bei nzuri. Nilisema hapana, na nilisema kwa ukali kuliko kawaida yangu: anayemnunua kwa kufuga atampeleka kwenye uani mwingine wenye watoto, na sisi tutakuwa tumeuza jeraha. Kumchukua mimi pia nilikataa. Wajukuu zangu huja kila Jumapili. Vikwaru vyake, zile kucha za nyuma ya mguu, bado vilikuwa vinundu tu. Kilichomkwaruza mtoto mwezi wa tisa zilikuwa kucha za kawaida. Mwakani angekuwa na kitu kama msumari.

Kwa hiyo alichinjwa, Ijumaa, na baba, baada ya sala. Nilisisitiza kijana aambiwe ukweli siku moja kabla, na asiambiwe kwamba Baki ni mbaya. Nilimweleza mwenyewe, tumekaa kwenye kile kigoda: Baki alikuwa jogoo mzuri aliyefundishwa kitu kisicho chake, na sisi wakubwa ndio tuliopaswa kujua. Aliuliza, "Ningemuacha afe na wenzake?" Nikamwambia hapana, ulifanya vizuri kumwokoa, ungemleta kwangu akiwa na wiki sita, akakae na kuku. Alikubali kwa kichwa. Supu hakuinywa, na hakuna aliyemlazimisha.

Mwezi wa kumi na moja nilimpa jirani koo mwenye vifaranga 8, wameshawekewa tone la chanjo ya kideri jichoni, na mama yao akiwa nao. Wamekua. Watatu kati yao ni mapora, panga zimeanza kuiva. Juzi nilipita kuwaona, nikamkuta kijana amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono ameiweka chini ya mapaja. Pora mmoja alimsogelea kwa ubavu akidonoa mahali pasipo na punje. Kijana hakutoa mkono. Yule koo alifika akamgonga pora utosini, na pora akakimbilia nyuma ya wavu.